Namuuliza Kijana, Anajibu Mama

Zamu za usiku zilinibana, lakini leo kuna jambo linanikaa rohoni.

Kazi yangu hapa Uingereza ni kliniki ya mkojo, hospitali ya watoto. Wagonjwa wetu wengi walizaliwa na mgongo wazi. Mishipa ya fahamu ya kibofu haifanyi kazi sawasawa, hivyo kila baada ya saa chache wanautoa mkojo kwa mpira mwembamba. Wengine wamefanyiwa upasuaji ambao Mfaransa Mitrofanoff aliueleza mwaka 1980: kidole tumbo kinageuzwa kuwa njia ya kutoka kibofuni hadi kitovuni, mpira unapita hapo. Mtoto wa kiti cha magurudumu anajihudumia bila hata kuvua suruali. Mimi mara ya kwanza kuona nilibaki mdomo wazi.

Sasa watoto hawa wanakua. Wakifika miaka 16 hadi 18 wanahamishiwa kwa wakubwa. Mwongozo wa NICE wa 2016 unasema maandalizi yaanze kwenye miaka 13 au 14. Kijana wangu mmoja (nimebadilisha mawili matatu asijulikane) tulimwanza akiwa na 17.

Nilimjua toka ana miaka 9. Kila kliniki namuuliza, "Jana umeweka mpira mara ngapi?" Anajibu mama. Nami naandika. Miaka minane! Wala sikuona ajabu, maana mimi mwenyewe mpaka namaliza sekondari, kwa daktari mama ndiye alikuwa anaeleza ninaumwa wapi.

Kwa wakubwa aliingia peke yake. Hakujua kwamba kibofu chake kimeongezwa kipande cha utumbo, kwamba kinatoa ute, kinataka kusafishwa na kuangaliwa maisha yake yote. Chuoni akaona haya kukaa chooni muda mrefu, akawa anaruka. Akakosa miadi miwili, wakamfunga faili. Alijiona mzima tu. Figo zinaharibika kimya kimya, huwezi kuhisi.

Nilikutana na mama yake dukani. Figo moja imechoka, akaniambia. Akauliza kwa nini hakuna aliyempigia simu yeye. Nikamweleza: ametimiza 18, habari zake ni zake. Akaniangalia tu. Nilisahau hata nilichofuata dukani.

Siku hizi naanza mapema. Namwomba mama asubiri nje dakika kumi. Wengine wananuna, na ninawaelewa. Ndio waliokesha miaka yote hiyo. Juzi nilibaki na binti wa miaka 13. Nikamuuliza amefanyiwa upasuaji gani. Kimya, macho mlangoni. Nikasubiri. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: "Nitaweza kuzaa?"

Nikamwambia wengi wenye mgongo wazi wanazaa, ila lazima apange na madaktari mapema, na vidonge vya foliki vya dozi kubwa vinaanza kabla ya mimba. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Akaikunja, akaificha kwenye soksi kabla mama hajarudi.