Ukiambiwa Unalindwa, Uliza Unalindwa Dhidi ya Nani

Hebu tuanze na neno moja tu: himaya. Lilitoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ulinzi. Lakini tukilisikia leo tunafikiria nini? Himaya ya Warumi. Himaya ya Waingereza. Yaani neno la kumlinda mtu limegeuka kuwa neno la kumtawala, na hakuna mtu aliyeshtuka. Kiswahili kiliona kilichotokea kikakiweka kwenye kamusi, basi.

Mimi ni mtoto wa Bomet, na kwetu huwezi kutembea mbali kabla hujakutana na bango la Kiingereza linalotaja usalama. Kwenye geti, kwenye kiwanda, kwenye lori la majani. Kwa muda mrefu niliyapita tu. Siku hizi nayasoma polepole, kwa sababu nimegundua historia yote ya hii ardhi ya chai inaweza kusimuliwa kwa maneno ya Kiingereza ya ulinzi. Twende nayo moja moja.

"Protectorate"

Uganda ilitangazwa kuwa chini ya "ulinzi" wa Uingereza mwaka wa 1894, na Afrika Mashariki mwaka wa 1895. Kericho mwanzoni ilihesabiwa upande wa Uganda. Halafu mwaka wa 1902 mpaka ukasogezwa, na watu wetu wakajikuta kwenye himaya nyingine bila kuhama hata hatua moja. Nani aliwauliza? Hakuna.

Sasa, ulinzi huo ulifanyaje kazi? Mwaka wa 1905 watu wa Sotik walivamia Wamaasai na kuchukua ng'ombe. Uvamizi wa ng'ombe haukuwa mchezo, watu walikuwa wanaumia, na siwezi kuwatetea. Lakini Waingereza walituma jeshi lenye bunduki za rashasha. Idadi inayotajwa zaidi ya waliouawa Sotik ni watu 1,850, wakiwemo wanawake na watoto. Kwa Kiingereza safari hiyo iliitwa "punitive expedition", msafara wa kuadhibu. Ona vizuri: waliouawa walikuwa pia ni watu wa himaya. Kwenye ramani walikuwa wanalindwa na hao hao waliowapiga risasi.

Hapo ndipo nilipata swali langu la kwanza. Ukiambiwa unalindwa, uliza: dhidi ya nani?

"Security of tenure"

Hii ni lugha ya mawakili, lakini ni rahisi. Ni uhakika kwamba ardhi uliyokodi haitachukuliwa kesho. Walowezi waliidai kwa sauti kubwa, kwa sababu nani atapanda zao la miaka mingi kwenye shamba ambalo si la uhakika? Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 ikawapa: kukodi kwa miaka 999. Ukihesabu kutoka 1915 unafika 2914. Huo ndio usalama, wadau. Usalama wa vitukuu wa vitukuu ambao hawajazaliwa.

Na Mwafrika? Mapema miaka ya 1920 mahakama ya Kenya iliamua kwamba yeye ni "tenant at will of the Crown", mpangaji anayekaa kwa hiari ya mfalme. Akiamua uondoke, unaondoka. Kipindi kilekile, nchi ileile, Kiingereza kilekile. Mmoja ana miaka 999, mwingine hana hata kesho.

Kericho kuna mfano unaouma zaidi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari kama 25,000 zilitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Kuwatunza waliolemaa ni jambo jema kabisa, sibishi. Lakini walitunzwa kwa ardhi ya nani? Kitani kikaanguka bei, mradi ukafa, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Miaka ya 1920 zikaja kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na chai ikapandwa. Hayo mashamba ya kijani ambayo kila mtu anasimama kupiga picha akipita barabara ya Kericho, sehemu yake ilianza hivyo.

Swali la pili basi: ulinzi huu unalipiwa na nani?

"Peace and good order"

Msemo huu umejaa kwenye sheria za kikoloni. Amani na utaratibu mwema. Nani atapinga amani?

Waliobandikwa jina la maadui wa amani hapa kwetu walikuwa Talai, ukoo wa orgoiyot, viongozi wa kiroho. Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi, aliuawa na afisa Richard Meinertzhagen mwaka wa 1905, katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa kiongozi upande wa Kipsigis, alihamishwa mwaka wa 1914 hadi Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na hakurudi nyumbani.

Kisha mwaka wa 1934 ikatungwa sheria nzima kwa ajili ya ukoo mmoja, "Laibons Removal Ordinance". Hata jina lenyewe lilikosewa: laibon ni neno la Wamaasai. Karibu watu 700, wazee kwa watoto, waliondolewa Kericho wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa malaria na mbung'o. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia.

Gogo wangu, nyanya yangu mzaa mama, hazungumzi Kiingereza. Nilipomsomea jina la sheria hiyo na kumtafsiria, aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hivyo mtoto mchanga pia alikuwa anavuruga amani?" Sikuwa na jibu. Nadhani hata aliyeandika sheria hakuwa nalo.

"Duty of care"

Msemo huu unajulikana zaidi kwa sababu ya konokono, si utani. Mwaka wa 1928 huko Paisley, Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi, na kwenye chupa ikaonekana konokono iliyooza. Alishtaki kiwanda. Mwaka wa 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaamua kwamba anayetengeneza kitu ana wajibu wa kumjali atakayekitumia, hata kama hawajuani. Hakimu Atkin alieleza wajibu huo kwa kuuliza jirani yangu ni nani. Jirani ni yule ambaye vitendo vyangu vinaweza kumdhuru, kwa hiyo napaswa kumfikiria kabla sijatenda.

Mimi naupenda msemo huu. Ni wa maana kuliko yote niliyotaja. Kwa hivyo inaumiza zaidi kuona ulivyotumika hapa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa chai wa Unilever pale Kericho walishambuliwa kwenye nyumba walizopewa na kampuni, wengi kwa sababu walitoka jamii nyingine. Wengine waliuawa, wanawake wakabakwa. Na tusijifiche: walioshambulia walitoka upande wetu, na wengine wao walisema wanalinda jamii. Lugha ya ulinzi haihitaji Kiingereza ili iue.

Watu 218 walienda mahakamani London. Walisema kampuni ilipaswa kuona hatari ikija na kuwakinga. Mwaka wa 2018 mahakama ya rufaa ikasema kampuni mama ya Uingereza haikuwa na wajibu huo kwao, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ikakataa kuwasikiliza. Mnywaji soda wa Paisley alikuwa jirani wa kiwanda. Mchuna chai aliyelala kwenye nyumba ya kampuni hakuwa jirani wa kutosha wa ofisi ya London. Mawakili watanieleza tofauti ya kesi hizo mbili, na najua ipo. Mimi naongea kuhusu neno jirani.

"Zero tolerance"

Februari 2023, BBC ilitoa uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walisimulia kunyanyaswa kingono na wasimamizi, kwenye mashamba ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya Unilever na James Finlay. Unilever ilikuwa imeshaahidi, zaidi ya miaka kumi kabla, kwamba haitavumilia kabisa unyanyasaji wa kingono. Kampuni zikasema zimeshtuka, na wasimamizi wakasimamishwa kazi.

Fikiria mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa gambuti na aproni ya plastiki, kikapu mgongoni, na nyapara ndiye anaamua kama leo ana kazi au hana. Sera ya ulinzi iko ofisini, imechapwa kwa Kiingereza safi. Kati ya karatasi na huyo mama amesimama nyapara. Hapo swali la tatu linajileta lenyewe: nikikosa huo ulinzi, namwambia nani, na ana nguvu gani juu ya aliyenikosea?

Sasa tufanye nini na haya maneno?

Kuna watu watasema Kiingereza ni lugha ya uongo, tukiache. Siko huko. Wale 218 waliutumia msemo wa "duty of care" kwa sababu una nguvu ya kweli, na ndiyo maana kampuni ilipigana kuukwepa. Maneno haya ni kama panga. Linafyeka shamba na linakata mtu. Shida ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja sisi tumekuwa upande wa makali.

Na kuna sehemu tumeshika mpini. Soma Katiba ya 2010. Kifungu cha 65 kinasema mtu asiye raia anakodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99, kwa hiyo ile ndoto ya mwaka 2914 ilikatwa hapo. Kifungu cha 40 kinalinda haki ya kumiliki mali, neno lilelile la ulinzi, lakini teremka hadi sehemu ya 6: ulinzi huo hauhusu mali iliyothibitishwa kuwa ilipatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na Kipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao huko.

Hii si hadithi ya wazee. Mashamba haya yanauzwa na kununuliwa sasa hivi, mashine za kuchuna chai zinachukua kazi, na mwaka wa 2023 vijana wa rika letu walizichoma. Kutakuwa na makaratasi mapya, na makaratasi hayo yatajaa maneno ya usalama: usalama wa wawekezaji, usalama wa mali, usalama wa kazi. Wengi wetu ndio tutaulizwa na wazazi tuwasomee, kwa sababu ndio tulienda shule.

Basi tusome kama gogo. Nani analindwa? Dhidi ya nani? Nani analipa? Na asipolindwa, anaenda wapi? Kama karatasi haijibu hayo manne, usimwambie mama yako aweke sahihi.