Papa alisema "kidogo tu"

Vijana wenzangu, leo nataka kuwaambia kosa langu.

Mimi natoka Fizi, najitolea kama mkalimani hapa kambini Nyarugusu. Mwaka jana nilimsindikiza Papa mmoja, mzee wa mtaa wetu, kwenda kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Yeye anaongea Kibembe tu. Kila asubuhi muuguzi aliniambia, "Muulize kama anaumwa." Papa anajibu: kidogo tu. Na mimi natafsiri: kidogo tu. Muuguzi anaandika, anaenda.

Lakini usiku nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Nilimsikia akiuma shuka. Akitaka kugeuka, jasho linamtoka. Nilitafsiri neno, sikutafsiri maumivu.

Siku ya tatu nikamwuliza, "Papa, kwa nini unaficha?" Akasema mwanaume halii mbele ya watoto. Tena aliogopa kuzoea dawa kali. Vidonge alivyopewa alivificha chini ya mto, avimeze siku akizidiwa kabisa.

Akaniruhusu kusema, nikamweleza muuguzi yote. Hakukasirika. Alivuta kiti, akatufundisha. Dawa ya maumivu inamezwa kwa saa. Ukingoja maumivu yapande, kuyashusha ni kazi. Parasetamoli, kwa mtu mzima kama yeye, ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Morfini ya siku chache, daktari akiisimamia, si rahisi imfanye mtu mtumwa wake. Na kugeuka ni kama gogo: mabega na nyonga kwa pamoja, mto katikati ya magoti.

Basi tukabadilisha swali. Kuanzia 0 mpaka 10, ukiwa umelala maumivu ni ngapi? Ukigeuka je? Papa akawaza, akasema: kulala 4, kugeuka 9. Daktari akapanga dawa upya. Kesho yake jioni Papa alisimama, akatembea mpaka dirishani.

Ninyi mnaosindikiza wagonjwa, na ninyi wa mashirika, msiishie kwenye "kidogo tu". Ulizeni namba, ulizeni kama amelala usiku. Na miguu ikilegea ghafla, makalio yakifa ganzi, au mkojo ukigoma kutoka, hayo si ya kuvumilia. Mwiteni daktari hapo hapo.

Siku hizi Papa akiniona njiani hanisalimu kwanza. Anacheka, anasema, "Mwanangu, leo ni 2."