Roboti wa Posta Aliyefika Isikizya

Sisi wapenzi wa vitabu tuna ubaguzi wetu. Riwaya tunaihesabu, diwani tunaihesabu, tawasifu pia. Lakini mtu akisema mwezi mzima amekuwa akisoma kitabu cha kutengeneza tovuti, tunamwona kama aliyekuwa anasoma maelekezo ya jiko la gesi. Naandika kuvitetea vitabu hivyo, maana kimojawapo nimekisoma kwa makini kuliko riwaya nyingi: Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke. Toleo lake la nne lilitoka 2024, na mwandishi amekiweka chote mtandaoni bure.

Hapa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, neno "bure" lina uzito. Kujifunza kwa video kunakula bando, na bando likiisha somo nalo limeisha. Kitabu unakipakua mara moja tu. Halafu JavaScript ina fadhila yake: maabara yake ni kivinjari chenyewe. Unaandika msimbo kwenye faili, unaifungua, inafanya kazi hata kama simu haina salio hata kidogo.

Ila bando siyo sababu kubwa. Video hukujibu swali ulilokwenda nalo: umeonyeshwa, umenakili, umeondoka. Kitabu kinakupitisha kwenye sura ambayo hukuiomba, na mara nyingi ndiyo uliyokuwa unaihitaji.

Mimi nasoma kila sura mara mbili. Mara ya kwanza naisoma kama hadithi, sigusi kompyuta. Mara ya pili naandika kila mfano kwa mkono wangu, kisha nabadilisha kitu kimoja nione unavunjikaje. Baada ya hapo nafunga kitabu na kuandika kwenye daftari nilichoelewa, kwa Kiswahili. Hapo ndipo jasho linapotoka. Neno la kitaalamu la Kiingereza unaweza kulitamka vizuri kabisa, tena mbele za watu, bila kujua lina nini ndani.

Chukua kile walichokiita "ahadi" katika JavaScript. Nilizunguka nacho siku tatu mpaka nikaandika hivi: nimeagiza mzigo kutoka Tabora mjini, unaletwa na dereva wa Hiace. Sikai barabarani kuusubiri, naendelea na shughuli zangu. Nimeshaacha maagizo: ukifika, mpe dogo, usipofika, nipigie unieleze kwa nini. Basi, ahadi ni hiyo. Siyo mzigo wenyewe, ni makubaliano ya nini kifanyike jibu likija, liwe zuri au baya. Tangu siku hiyo sijasumbuka nacho tena.

Sura iliyonikamata kuliko zote ni ya 7. Ina kijiji cha kubuni chenye sehemu 11 na barabara 14, na roboti wa posta anayepaswa kuchukua vifurushi na kuvifikisha. Roboti wa kwanza anatembea ovyo, popote miguu inapompeleka. Wa pili ana njia moja ya kudumu inayopita kila mahali. Wa tatu anatafuta njia fupi kabla hajaondoka. Kuwasoma hao watatu wakifuatana ni kusoma mtu anavyofikiri, hatua kwa hatua, bila kuficha kitu.

Nikafuta majina ya kile kijiji nikaweka ya kwetu: Isikizya, Tabora, Kwihara, Upuge, Ndono, Mabama, Igalula, Goweko. Roboti akatembea. Lakini yule wa tatu, mwerevu wao, akaanza kunikera. Kwake kila barabara ni hatua moja. Tabora mpaka Kwihara moja, Tabora mpaka Goweko nayo moja! Mtu yeyote wa huku atakucheka.

Nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba mizigo katika njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Msafara haukuangalia umbali peke yake. Uliangalia maji yako wapi, chakula kinapatikana wapi, na hongo kwa mtemi fulani itakuwa kiasi gani. Njia fupi isiyo na kisima ilikuwa ndefu kuliko zote.

Kwa hiyo kila barabara nikaipa gharama yake. Msimbo wa kitabuni ukawa hautoshi tena, ikabidi nitafute kwingine, nikaangukia kwa Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyechapisha mbinu ya kutafuta njia yenye gharama ndogo mwaka 1959. Ilinichukua jioni za wiki nzima. Usiku roboti wangu alipozunguka kupitia sehemu tatu ili akwepe barabara moja ya ghali, nilifurahi kama mtu aliyefika ukurasa wa mwisho wa riwaya saa nane usiku.

Faida yake naiona kazini. Ninapotengeneza ukurasa wa kikundi cha wafuga nyuki waandike kilo zao za asali, swali langu la kwanza ni lile la wapagazi: gharama iko wapi? Kwenye simu ndogo yenye mtandao wa kusuasua, picha moja kubwa ni sawa na safari bila kisima. Naitoa. Safari za kwenda kwenye seva nazipunguza.

Kweli, vitabu hivi huzeeka. JavaScript: The Good Parts cha Douglas Crockford ni cha 2008. Bado kinafundisha kuchagua, lakini lugha yenyewe ilibadilika sana mwaka 2015, kwa hiyo angalia mwaka kabla hujafuata ushauri. Halafu vyote viwili ni vya Kiingereza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatuonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu ya ofisi inaweza kuongea Kiswahili. Sioni kwa nini maelezo ya programu yashindwe.

Daftari langu limefika sura ya 13, inayoanza habari za kivinjari chenyewe. Kama kuna mwenzangu anayeisoma, tuambizane: wewe umeielezaje kwa Kiswahili?