Mama wa Darasa

Kisesa walimwita daktari miaka mingi kabla hajawa daktari. Cheo chake kilikuwa afisa tabibu, katika kituo cha afya cha mji mdogo ulio kilometa 20 hivi kutoka Mwanza, kando ya barabara ya Musoma. Alitibu malaria, alishona majeraha, alizalisha. Tangu mwaka 1994 watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walikuwa wakipita kaya kwa kaya katika kata ya Kisesa kufuatilia maambukizi ya VVU, kwa hiyo ukubwa wa ugonjwa ulijulikana vizuri. Dawa ndizo zilizochelewa. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulipoanza mwaka 2004, wagonjwa wa Kisesa walizifuata hospitali ya Bugando, Mwanza, na yeye alikuwa miongoni mwa waliowaandikia rufaa. Wapo waliokosa nauli, karatasi ikabaki imefundikwa kwenye pindo la khanga. Mwenye wasifu huu hatoi sababu nyingine ya kurudi shule akiwa na mume na watoto wawili, mdogo akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Alikwenda Bugando kwa sababu Bugando ilikuwa karibu. Jambo hili analisisitiza kila akiulizwa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa mtu wa Kanda ya Ziwa aliyetaka kuwa daktari alilazimika kuhama upande huu wa nchi. Mama mwenye watoto wadogo angehamaje? Hospitali ya rufaa ilikuwepo juu ya kilima cha Bugando tangu mwaka 1971, lakini chuo kikuu cha tiba kilianza mwaka 2003, na wanafunzi 10. Yeye aliingia mwaka 2007, wale 10 wakiwa mwaka wa mwisho, na aliwatazama kwa heshima ambayo hajaificha hadi leo.

Darasa lake lilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Walikuwepo vijana wa PCB, mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia, waliotoka seminari, wakikumbuka kila mlinganyo wa kemia. Walikuwepo masista waliotoka misa asubuhi na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha anatomia. Muuguzi mmoja kutoka Kagera alikuwa na mjukuu. Kijana wa Dar es Salaam alikuwa hajawahi kulala mahali pasipo na umeme, na mtoto wa mvuvi wa Ukerewe kila bumu, yaani posho ya mkopo, likitoka alituma sehemu yake Nansio, kwa kuwa wadogo zake walimtegemea yeye. Wote walimwita Mama.

Miaka miwili ya mwanzo ilimtesa. Biokemia ilikwenda kasi, naye aliiacha kemia zamani. Waliomwokoa ni wale vijana wa seminari, waliokesha naye kwenye kikundi cha kujisomea, wakirudia hatua moja hadi aielewe, bila kumwonesha kuchoka. Sapu, mtihani wa marudio, aliiogopa kuliko walivyoiogopa wao: kijana akirudia mtihani anapoteza likizo, lakini yeye likizo hiyo ilikuwa msimu wa kuwa na wanawe.

Wodini mambo yaligeuka. Bibi kutoka Magu amelala kitandani, Kiswahili chake chepesi, na kijana wa Dar amesimama na daftari anauliza maumivu yalianza lini. Bibi anatazama dari. Mama anasogea, anainama kidogo: "Mwangaluka, mayu." Historia yote inatoka, pamoja na mitishamba aliyokunywa na mwana aliyemficha kwamba fedha zimekwisha. Vijana walijifunza kwake kwamba salamu ni sehemu ya uchunguzi. Baadaye kijana yule wa Dar alisalimia kwa Kisukuma zaidi ya wengine wote, kwa lafudhi ya Kariakoo, na wagonjwa walimpenda.

Jumamosi alipanda daladala, Mabatini, Buzuruga, Igoma, hadi Kisesa. Alifua, alikagua madaftari ya mkubwa, alilala na mdogo mgongoni. Jumapili jioni mama yake alimfungia michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu posho ya mkopo ilihesabu tumbo moja, na fedha zake nyingi zilibaki nyumbani. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepika, aliyepeleka watoto kliniki, aliyejibu maneno ya majirani kwamba mke akisoma sana hurudi na dharau. Juma moja la mitihani mdogo alipata homa kali. Mumewe alimpeleka kituoni akapimwa na kuanzishiwa dawa, na akampigia simu mkewe baada ya mtihani wa mwisho tu. Mke aliumia alipojua, na akamshukuru mumewe. Hisia zote mbili anazo bado.

Anachokiamini, na anakisema kwa uchungu, ni kwamba vyuo vya tiba vinamjua mwanafunzi kwa alama zake na ada yake. Havimuulizi nani anamtegemea. Amewaona wasichana wakificha ujauzito hadi mwezi wa saba kwa hofu ya kukosa mazoezi ya wodini. Amemwona yule mtoto wa mvuvi akisinzia darasani baada ya kufanya kibarua mwaloni usiku kucha, akidhaniwa mvivu. Ratiba ya mitihani ikitangazwa mapema na ikashikiliwa, chumba kimoja cha kunyonyeshea kikitengwa, na zamu zikiruhusiwa kubadilishwa kwa maandishi, wengi watapumua. Hayo hayahitaji wafadhili.

Alihitimu baada ya miaka mitano, akamaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, akarudi kuhudumia watu wa upande huohuo wa ziwa. Anapopangiwa madaktari wanafunzi, ratiba ya zamu huiandika pamoja nao, kalenda ikiwa mezani. Mumewe naye alianza shahada ya ualimu SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, kama walivyokubaliana tangu mwanzo, na kupika pamoja na kukagua madaftari vikahamia kwa daktari.