Daftari Langu la Usiku

Nataka kueleza habari za daftari moja la kurasa 48, lililochakaa pembeni, ambalo silikopeshi mtu.

Mwaka 2007 nilikuwa na umri wa miaka 12. Tulikaa karibu na Cheptais, katika Mlima Elgon, wakati ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulipokuwa umegeuka vita. Usiku mmoja watu wenye silaha waliingia kwetu. Tulijificha katika mahindi, baba, mama na mimi. Nikakohoa. Baba aliinuka, akawaendea peke yake, wakamchukua. Hakurudi. Mama na mimi tulishuka Bungoma kwa miguu.

Miaka mingi niliamini kwamba kikohozi changu ndicho kilichomtoa baba. Sikumwambia mtu. Nilizoea kukohoa ndani ya nguo, na hata leo wanafunzi wangu hapa Kitale hudhani nina adabu nyingi mno.

Katika chuo cha ualimu mkufunzi alitusimulia habari za James Pennebaker wa Marekani. Mwaka 1986 bwana huyu alitangaza matokeo ya jaribio lake: wanafunzi waliandika juu ya mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kila siku, kwa siku 4. Walipomaliza kuandika walihuzunika zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nilinunua daftari bila imani kubwa.

Usiku wa kwanza niliandika mistari mitatu, nikatoka nje. Wa pili nilieleza harufu ya udongo na umande wa majani. Wa tatu nilijilazimisha kuyapanga mambo kama yalivyofuatana, na kalamu ikaandika: mwanga wa kurunzi ulipita usoni pa mama, kisha nikakohoa. Nilisoma tena. Mwanga ulitangulia! Walikuwa wamekwisha kutuona.

Msomaji ataniuliza kama kumbukumbu haikunionea huruma tu. Huenda. Basi likizo ilipofika nilipanda gari, nikapita Kamukuywa mpaka Bungoma, nikamsomea mama ukurasa ule.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwanangu, aliyekohoa ni mimi."

Mama hakusoma shule. Siku hizi nikienda kumwamkia huvuta kiti karibu na taa, akasema, nami nikaandika. Na neno lisipomridhisha, hunifutisha.