Daftari la Godzilla

Jumapili, 3 Novemba 2024

Leo filamu ya kwanza ya Godzilla imetimiza miaka 70. Toho waliitoa Japani tarehe 3 Novemba 1954. Mtayarishaji alikuwa Tomoyuki Tanaka, mwongozaji Ishirō Honda. Nimeitazama tena, nyeusi na nyeupe, toka mwanzo hadi mwisho bila kuisimamisha. Nimeamua kuzipitia moja baada ya nyingine zile ninazoziona kuwa nguzo, niandike humu kinachonigusa. Kuna jambo nataka kulielewa: imekuwaje dubwana moja liwe adui, kisha mwenza wa watoto, kisha shujaa, kisha mzimu, kisha adui tena, na watu waendelee kulipokea?

Filamu inaanza na meli inayowaka baharini, na mabaharia hawajui kimewapiga nini. Mtazamaji wa Kijapani wa mwaka ule hakuhitaji maelezo. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini. Nguvu yake ilifika megatani 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa. Majivu meupe ya matumbawe yaliyoungua yakawanyeshea wavuvi 23 wa mashua ya jodari iitwayo Daigo Fukuryū Maru, nao walikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Septemba mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki. Novemba watu wakaingia sinema. Ndani ya filamu abiria wa treni, mwanamke, analalamika juu ya jodari wenye mionzi, na sasa Godzilla, ilhali yeye alinusurika Nagasaki. Anayasema kama mtu anayelalamikia bei ya sokoni. Ndivyo msiba unavyokaa ndani ya maisha ya kila siku.

Jumatano, 6 Novemba

Nimerudia sehemu ya Tokyo kuteketea. Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za hila, alitamani kumtembeza mnyama wake picha moja moja kama King Kong wa 1933, lakini muda haukuruhusu. Basi mtu akaingizwa ndani ya vazi. Haruo Nakajima alilivaa chini ya taa kali, zito hata kutembea ilikuwa kazi, akikanyaga mji wa vijengo vidogo. Kamera ilizungushwa haraka kuliko kawaida ili picha ikionyeshwa mwendo wake uonekane wa kiumbe mwenye uzito wa mlima. Ngurumo yake ilitoka kwa mtunzi wa muziki, Akira Ifukube: nyuzi za besi kubwa zilizolegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari.

Ufundi huo peke yake usingefika mbali. Honda alikuwa askari China, na aliporejea kwao baada ya vita alipita Hiroshima akaiona. Watazamaji wake nao walikuwa na lao: usiku wa tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliichoma Tokyo na kuua watu wapatao 100,000. Kwa hiyo yule mama wa Ginza aliyewakumbatia wanawe chini ya ukuta, akiwaambia muda si mrefu watakuwa na baba yao, hakuwa mtu wa hadithi kwa waliokuwa ukumbini. Wala yule mtoto hospitalini anayepimwa mionzi na daktari akatikisa kichwa.

Mwisho wake ni Daktari Serizawa. Amegundua silaha ya kutisha kuliko dubwana, anachoma karatasi zake, anashuka nayo chini ya ghuba na kukata kamba yake mwenyewe ili siri ife naye. Naweka alama hapa. Miaka tisa baada ya vita, wokovu bado ni kijana kujitoa mhanga.

Marekani haitajwi kuwa mkosaji. Na toleo lililoonyeshwa huko mwaka 1956 lilimpachika mwandishi wa habari Mmarekani, Raymond Burr, na kupunguza mengi yaliyosemwa juu ya bomu.

Jumapili, 10 Novemba

Mpwa wangu kanikuta na filamu ya Desemba 1964, ile ya Ghidorah mwenye vichwa vitatu. Akakaa, akacheka, kisha akauliza:

"Mjomba, si ulisema huyu ni muuaji? Mbona leo anapigana upande wetu?"

Nikamwambia atazame vizuri pale dubwana Mothra anapowabembeleza Godzilla na dubwana mwenzake Rodan waisaidie dunia. Godzilla anakataa. Anasema wanadamu wanamchukia, kwa nini awasaidie? Jibu hilo lina haki yake, na filamu haina ujasiri wa kumpinga.

Japani ya mwaka ule ilikuwa imebadilika. Oktoba treni ya mwendo kasi ilianza kukimbia kati ya Tokyo na Osaka, na mwezi huohuo Olimpiki zikafanyika Tokyo. Mji ulioungua ulikuwa umejengwa upya na ulitaka kufurahi. Televisheni ilikuwa inawanyang'anya wenye sinema watazamaji wazima, wakabaki watoto, na dubwana likafuata watoto. Wapo wanaokidharau kipindi hiki. Mimi sikidharau. Mwaka 1969 Honda alitengeneza filamu ya Ichirō, mtoto wa mji wa viwanda wa Kawasaki. Wazazi wake wote wawili wako kazini, anashinda peke yake nyumbani na wakubwa zake wanamwonea. Katika ndoto anakwenda kisiwa cha madubwana kujifunza ujasiri. Honda aliona kwamba ule ustawi wa miaka ya 60 ulikuwa na mlipaji wake, naye alikuwa mtoto mwenye ufunguo wa nyumba mkononi.

Ijumaa, 15 Novemba

Godzilla na Hedorah, 1971, mwongozaji Yoshimitsu Banno. Nimelala vibaya baada yake.

Hedorah ni tope lililotoka angani likanenepa kwa taka zetu. Linavuta moshi wa mabomba ya viwanda kama mvuta buruma, na linapopita watu wanabaki mifupa. Godzilla ndiye anayekwenda kulikabili. Mtoto aliyekuwa akimngojea kwa furaha anamwona akipigana huku watu wazima wakishindwa hata kuwasha mitambo yao ya umeme kwa wakati.

Hofu hiyo haikubuniwa. Zebaki iliyomwagwa baharini ilikuwa imewalemaza na kuwaua watu wa Minamata. Moshi wa viwanda vya mafuta ulikuwa umewatia wakazi wa Yokkaichi pumu. Mwaka 1970 Bunge la Japani lilifanya kikao maalumu kupitisha sheria dhidi ya uchafuzi. Hapa ndipo naona jibu la swali langu likianza kujichora. Mwaka 1954 adui alitoka nje: bomu la wengine. Mwaka 1971 adui ametoka kwenye bomba la kiwanda cha nyumbani. Godzilla hakubadilika kwa sababu ya kuchoka kwa watunzi peke yake. Alibadilika kwa kuwa nafasi ya mkosaji ilikuwa imekaliwa na mwingine, na huyo mwingine walikuwa wao wenyewe.

Jumanne, 19 Novemba

Mbili leo.

Ya 1984: adui tena, wala hana rafiki. Kimo kimetoka mita 50 hadi 80, maana maghorofa ya Tokyo yalikuwa yamempita. Anavamia kinu cha nyuklia apate kula mionzi. Wajumbe wa Marekani na Sovieti wanamwendea waziri mkuu wakitaka ruhusa ya kumpiga Godzilla kwa silaha za nyuklia katika ardhi ya Japani. Anakataa. Ndiyo hofu ya vita baridi: nchi ndogo kugeuzwa uwanja wa mafahari wawili.

Ya 2001 ya Shūsuke Kaneko ndiyo iliyonikalisha kimya. Godzilla wake ana macho meupe, hayana mboni. Mzee mmoja anaeleza kwamba ndani ya mwili huo zimo roho za waliouawa katika vita vya Pasifiki, na kwamba zimerudi kwa hasira kwa sababu Japani imewasahau. Tangu 1954 filamu hizi zilikuwa zimeomboleza yaliyowapata Wajapani. Kaneko akageuza uso upande wa pili, kwa yale ambayo Japani iliwatendea wengine. Akafanya hivyo katika filamu ya likizo ya mwisho wa mwaka, mbele ya familia zilizokwenda kustarehe. Sijui filamu nyingi za burudani, za nchi yoyote, zilizothubutu kiasi hicho.

Jumapili, 24 Novemba

Sikutazama kitu. Nimefikiria Katanga, huko Kongo.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka huko, Shinkolobwe, mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, yakahifadhiwa Staten Island. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani kwa kiwango ambacho migodi ya kwingineko haikukaribia. Yalichimbwa na Wakongo, katika mkoa ambao Kiswahili ndicho kiunganishi cha miji yake. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku wachimbaji wadogo kuchimba pale.

Nikiuliza nani aliyelipa gharama ya zama za atomiki, siwezi kuanza orodha Hiroshima. Lazima nianze shimoni. Wajapani walipata dubwana la kubeba msiba wao, likazunguka dunia nzima na kufanya kila mtoto aijue Tokyo inayoungua. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawajapata chombo cha namna hiyo. Simwonei mtu wivu wa maombolezo yake. Nasema tu kwamba kazi hiyo ipo, inasubiri mtunzi, na huenda mtunzi huyo anasema lugha hii ninayoandikia.

Ijumaa, 29 Novemba

Shin Godzilla, 2016, ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami viliipiga Japani kaskazini mashariki, na vinu vya Fukushima Daiichi vikayeyuka. Filamu hii ni mtoto wa siku hiyo.

Godzilla anaingia mjini kwa kutambaa, macho yamemtoka, akisukuma mashua mbele yake kwenye mfereji mwembamba. Yeyote aliyeona picha za tsunami anaitambua. Na wakati anatambaa, mawaziri wanahama kutoka chumba kimoja cha mkutano hadi kingine, wakitafuta sheria ipi inaruhusu nani aamuru nini. Mkosaji wa mara hii ni utaratibu. Hakuna mtu mwovu ndani yake, kila mmoja anafanya kazi yake, na watu wanakufa.

Anashindwa kwa dawa ya kugandisha anayomiminiwa kinywani na magari ya pampu za zege. Fukushima nako pampu za aina hiyo ndizo zilizomwagia vinu maji. Hafi. Anabaki amesimama, ameganda, kando ya stesheni ya Tokyo, na serikali inajifunza kuishi naye. Kwa nchi yenye vinu vitakavyochukua miongo kusafishwa, huo ni ukweli mtupu.

Jumatano, 4 Desemba

Godzilla Minus One, ya Takashi Yamazaki, iliyotoka Novemba 2023 na Machi mwaka huu ikachukua Oscar ya picha za hila. Godzilla amerudi mita 50 na ushei, amerudi Ginza, na wakati ni mara tu baada ya vita.

Shikishima ni rubani aliyepangiwa kujilipua kwenye meli za adui akasingizia ndege mbovu. Anarudi Tokyo ya majivu, jirani anamtukana kwa kuwa hai. Dubwana linapokuja, serikali haimo. Wanaojitolea ni mabaharia wa zamani. Mtaalamu wao, Noda, anawaambia waziwazi kwamba nchi yao ilizithamini roho za watu kidogo mno: vifaru vya bati jembamba, askari waliokufa njaa, ndege zisizo na kiti cha kumtoa rubani. Safari hii wanataka kupigana bila kumpoteza mtu.

Shikishima anaelekeza ndege yenye mabomu kwenye kinywa cha Godzilla, nami nilijua kinachofuata kwa kuwa nilikiona kwa Serizawa. Hakikufuata. Fundi alikuwa ameweka kiti cha kumrusha nje, naye akakitumia. Imechukua miaka 69, lakini sinema hii imefika mahali pa kusema kwamba kijana anayebaki hai hana deni kwa yeyote. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko yote ya kimo, rangi na macho.

Jumanne, 10 Desemba

Leo huko Oslo shirika la manusura wa mabomu ya atomiki, Nihon Hidankyo, limekabidhiwa Nobel ya Amani. Terumi Tanaka, miaka 92, ndiye aliyehutubia. Alikuwa na miaka 13 Nagasaki ilipopigwa. Alisisitiza, akarudia nje ya hotuba iliyoandikwa, kwamba dola ya Japani haijawalipa fidia yoyote waliokufa kwa mabomu yale.

Nimekumbuka nasaba yao. Majivu ya Bikini yaliyozaa Godzilla ndiyo yaliyowaamsha wanawake wa Suginami, Tokyo, wakaanza kukusanya sahihi dhidi ya silaha za nyuklia. Zilivuka milioni 30 kufikia 1955, na kutoka kwenye vuguvugu hilo Hidankyo ikazaliwa mwaka 1956. Dubwana na manusura ni ndugu. Mmoja alikwenda sinema, mwingine akaenda kugonga milango ya serikali, na swali lao ni lilelile: nani alitenda, na nani analipa?

Kwa hesabu ya Machi mwaka huu manusura waliobaki ni 106,825, na wastani wa umri wao umepita miaka 85. Kwa sababu hiyo sitazipima filamu zijazo kwa ukubwa wa mnyama wala ubora wa moto wake. Godzilla alipokuwa mwenza wa watoto, mashahidi walikuwepo wa kumweleza kila mtu alitoka wapi. Muda si mrefu hawatakuwepo. Watunzi wakimfanya mchezo mtupu siku hizo, hakutakuwa na wa kuwasahihisha.