Rangi ya mdomo kwenye baridi ya Kericho

Mtu atokaye Nairobi kwa matatu, akaipita Nakuru, akapanda hadi Mau Summit na kuteremkia Londiani, hahitaji kuambiwa kwamba ameingia nchi ya majani chai. Kulia kijani, kushoto kijani, na mbele ukungu. Lakini akiwa ni mwanamke aliyejipodoa alfajiri jijini, kioo kidogo cha mkobani kitamweleza habari nyingine. Midomo imekauka na kuanza kupasuka. Poda imeganda mashavuni kama unga wa chapati. Rangi ya kope, ambayo ilikuwa imetandaa vizuri wakati wa kutoka nyumbani, sasa imejikusanya mstari mmoja kwenye mkunjo wa jicho.

Tusivilaumu vipodozi peke yake. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na Ikweta. Asubuhi baridi hukata, adhuhuri jua huchoma, na alasiri siku nyingi mvua humwagika. Mara nyingine ni mvua ya mawe, kwani nyanda hizi zinahesabiwa miongoni mwa mahali duniani ambapo mvua ya aina hiyo hunyesha mara nyingi zaidi kwa mwaka. Uso unaopambwa huku sharti ustahimili misimu mitatu kabla ya chakula cha jioni.

Ndiyo sababu nilitaka kujua akina dada wa huku hujipamba vipi siku za kawaida. Sizungumzii siku ya harusi, ambapo fundi huitwa na kila kitu hupakwa maradufu. Nazungumzia uso wa kwendea kazini, chuoni au sokoni: rangi kidogo ya kope, kidogo ya mashavu na ya mdomo, basi. Mwanamke wa nchi hii tumemwona sana kwenye kalenda na pakiti za majani, ameinama, kikapu mgongoni, vidole vikikata majani mawili na kichipukizi. Aghalabu picha hizo hupigwa kwa mbali hata uso hauonekani.

Karibu na stendi ya magari mjini Kericho kuna vyumba vidogo ambavyo nusu ni duka la vipodozi na nusu ni saluni. Katika kimojawapo nilipokewa kwa "Chamgei", nami nikajibu "Chamgei mising" kwa lafudhi iliyowafanya wateja wawili waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele wacheke waziwazi. Mwenye saluni, mama wa makamo, alinitazama usoni kabla hata sijaketi.

"Dada, wewe umetoka Nairobi leo," akasema, na kunikabidhi pamba ya kujifutia.

Somo lake lilianza na mafuta. Kwa maoni yake wanawake wengi wa jijini hukosea hapo: hukimbilia poda ilhali ngozi ina kiu. Huku baridi na upepo hunyonya maji usoni, kwa hiyo kwanza ni losheni, halafu subira ya dakika tano ili ngozi inywe. Midomo nayo hupakwa mafuta mazito wakati huo huo, na hupanguswa tu pale rangi inapotaka kupakwa. Juu ya losheni inafaa ya kukinga jua, hata kama mawingu yametanda. Mtu akisikia baridi hudhani jua halimfikii, kumbe miale inayochoma ngozi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila unapopanda mita 1000. Wachunaji wa majani, wanaoshinda nje tangu asubuhi, wanalijua hilo. Tazama walivyojifunga vitambaa na kuvaa kofia pana.

Kisha mashavu. Rangi ya waridi hafifu, ile inayovutia ndani ya kijisanduku chake dukani, kwenye ngozi ya kahawia iliyokolea huwa kama jivu. Mama yule alizisukuma zote upande mmoja wa meza. Alizobakisha ni za matofali, za zambarau iliyoiva na za udongo mwekundu, na alipendelea zile laini kama mafuta kuliko za unga, kwa kuwa mahali pa baridi za unga hushika kwenye mabaka makavu. Unatabasamu, unagusa sehemu inayoinuka kwa kidole kimoja, unasugua kuelekea sikioni mpaka mpaka wenyewe usionekane. Rangi ikitangulia kuonekana kabla yako, umezidisha.

Rangi ya kope ndiyo iliyonishangaza. Nilitarajia buluu na kijani, rangi tulizoziona mno kwenye picha za mama zetu. Yeye alichagua shaba. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa swali: sijawahi kuona majani chai kiwandani?

Nilikuwa sijayaona, na hapa yafaa nieleze. Majani yakifika kiwandani yakiwa mabichi hunyaushwa kwanza, kisha hukatwakatwa na kusagwa, halafu huachwa yakutane na hewa. Hapo kijani hutoweka na majani hugeuka rangi ya shaba, kabla hayajakaushwa kwa hewa ya moto na kuwa meusi. Shaba hiyo ya katikati, iliyo kati ya nyekundu na dhahabu, ikipakwa juu ya kope za mtu mweusi hung'aa bila kupiga kelele. Mkunjo wa jicho unatiwa kahawia isiyong'aa, iliyokolea kidogo kuliko ngozi yako, na ukingoni wanja wa penseli. Ili isijikusanye kama yangu, kope hupanguswa mafuta kwanza na kutiwa poda nyepesi mno. Kazi yote haichukui muda wa kuchemsha chai.

Lakini kiwanda hicho hicho kilichompa mfano wa rangi ndicho kinachowakataza wanawake wake kujipaka. Majani makavu yana tabia moja mbaya: hunyonya. Yakitoka kwenye kikaushio yamebakiwa na maji kiasi cha asilimia 3 tu, na kuanzia hapo huvuta unyevu na harufu ya chochote kilicho karibu. Ndiyo maana hata nyumbani hatuyaweki pamoja na sabuni. Basi kanuni za usafi viwandani hazitaki manukato, rangi ya kucha, hereni wala uso uliopakwa unga. Nywele zote huwa ndani ya kofia. Mfanyakazi wa zamu ana nyuso mbili, wa kazi na wa mapumziko, na ule wa pili huutengeneza kwa haraka nje ya lango, kwa kijisanduku kinachoenea kiganjani. Sioni ubaya wa kanuni hiyo. Ni chakula, nasi hatutaki chai yenye harufu ya waridi.

Kuna katazo jingine ambalo halikuandikwa popote, na hilo silikubali. Mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa na makampuni ya Kiingereza katika miaka ya 1920, na tangu hapo mwanamke anayetafuta kibarua amekuwa akisimama mbele ya nyapara ambaye kalamu yake ndiyo inayompa kazi au kumnyima. Mwezi wa Februari 2023 shirika la BBC lilionyesha filamu ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba wasimamizi waliwadhulumu kingono katika mashamba ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na makampuni mawili ya Uingereza. Filamu hiyo ilitikisa nchi. Wasimamizi kadhaa walisimamishwa kazi na Bunge likataka maelezo. Pale saluni habari hii ilizungumzwa kwa sauti ya chini. Mteja mmoja alisema kwamba dada yake, alipokuwa akienda kutafuta kibarua, alikuwa akifuta midomo njiani. Hakutaka asemekane kwamba alijipamba kwa ajili ya nyapara.

Hebu fikiria hilo, msomaji. Kosa ni la mwenye kalamu, lakini anayefuta uso ni mwenye njaa. Nanyi akina baba mnaosoma kurasa hizi, mnapomwambia binti kwamba rangi ya mdomo "inaita matata", mtazameni kwanza anayeyaleta matata hayo.

Kazi zenyewe zinapungua. Mashine za kuchuna majani zimechukua nafasi ya mikono mingi, na mwezi wa Mei 2023 hasira juu ya jambo hilo ziliwaka hadi mashine kadhaa zikateketezwa huko Kericho. Msichana ambaye mama yake alilea watoto kwa kikapu sasa anaulizia kozi ya ususi na urembo. Mmoja wa wanafunzi wa saluni ile alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa akijifunza kupaka uso wa mwenzake kwa mkono ambao bado ulikuwa na weusi wa utomvu wa majani kwenye kucha.

Kutoka Kericho nilishika njia ya kusini, Litein, kisha Kapkatet, hadi njia panda ya Kaplong, na kukata kushoto kuelekea Bomet. Huku mashamba ya makampuni yanapisha yale ya wakulima wadogo: nusu eka ya majani, ng'ombe wawili, mahindi, nyumba ya mabati, na kituo cha kupimia majani kando ya barabara. Mwenye shamba hana nyapara, lakini ana mama mkwe. Na kanisa. Wamishonari walifungua hospitali ya Tenwek mwaka wa 1937, na mahubiri ya unyofu wa mavazi yameota mizizi katika vilima hivi kama majani chai yenyewe.

Katika nyumba moja karibu na Silibwet nilimkuta bibi, au kogo kama wajukuu wamwitavyo, asiyetaka kusikia habari za lipstiki, na mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, aliyekuwa ameipaka ile ya kahawia inayokaribia sana rangi ya midomo yake mwenyewe. Walikuwa wamefikia mapatano bila kuyatamka. Jumapili kanisani mjukuu hupaka mafuta tu na tone la rangi lililofutwa kwa karatasi laini. Siku za chuo hupaka kamili. Bibi hujifanya haoni. Nilipomsifu kogo kwa ngozi yake alicheka na kusema kwamba ujanani walijipaka samli mpaka wakang'aa, na hakuna mhubiri aliyewauliza. Mjukuu alinitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Mchana tulinyweshwa chai ya maziwa, kisha mursik, halafu chai tena. Hapo ndipo niliona mtihani wa kweli wa rangi ya mdomo katika nchi hii, kwa sababu kila nyumba unayoingia unapewa kikombe na kukikataa ni utovu wa adabu. Mjukuu alinifundisha njia yake. Chora ukingo wa mdomo kwa penseli ya kahawia na ujaze mdomo mzima kwa penseli hiyo hiyo. Paka rangi, uma karatasi laini, gusa poda kidogo mno, kisha paka mara ya pili na uume tena. Aina ya kung'aa iache nyumbani. Mafuta yaliyo ndani ya chai ya maziwa huiondoa yote kwa kikombe kimoja.

Sasa kuhusu kununua. Wakulima hulipwa bonasi ya majani mara moja kwa mwaka, aghalabu Oktoba, na msimu huo wachuuzi wa kila kitu humiminika sokoni, wakiwemo wa vipodozi visivyojulikana vilikotoka. Tahadhari kuu ni juu ya krimu za kujichubua. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka wa 1998, na hadi leo hupatikana chini ya meza. Aliyejichubua huungua zaidi kwa jua la mlimani, na hakuna rangi ya mashavu itakayoficha mabaka hayo. Tafuta alama ya Shirika la Viwango na tarehe ya kuharibika. Wanja na maskara usiazimane na mtu, hata awe dada yako wa tumbo moja, maana ugonjwa wa macho huhama kwa njia hiyo. Na usichague rangi chini ya taa ya duka. Omba ruhusa, toka mlangoni, jaribu kwenye taya na utazame kwa mwanga wa mchana.

Zamani ungeweza kulalamika kwamba rangi za ngozi yetu hazitengenezwi. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Iman, Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuwa mwanamitindo, alianzisha vipodozi vyake Marekani mwaka wa 1994 kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo Wakenya wenyewe wameingia uwanjani, miongoni mwao Suzie Wokabi na vipodozi vya SuzieBeauty, na Nelly Tuikong na Pauline Cosmetics. Dukani Kericho niliona rangi za kahawia za kutosha kumchanganya mnunuzi.

Ukipanga kwenda, fika mjini kabla ya saa nane mchana, maana baada ya hapo mvua haina miadi na mtu. Beba koti, mwavuli na losheni nzito kuliko unayotumia Nairobi. Na ukikaribishwa nyumbani kwa watu, hesabu vikombe vitatu.